Kabla ya kujaza fomu ya ualimu, ulizeni nani atakaa nyuma ya darasa

Wapendwa wa nyumbani,

   Kila mwezi wa Julai matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ujumbe humiminika kwenye simu yangu huku Blacktown, magharibi mwa Sydney, kutoka Korogwe, Muheza na Dar. Dada, nitumie fomu ya chuo cha huko. Shangazi, mtoto kafaulu vizuri tahasusi ya HKL, tumfanyie mpango aje asome ualimu Australia. Mwalimu, nisome BA kwanza au nichukue ile inayokwenda pamoja na elimu? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja usiku, nikishamaliza kusahihisha. Mwaka huu nawaandikia wote barua moja, wakiwamo wakuu wa shule na walimu wa taaluma, kwa sababu jambo hili haliishii kwa anayejaza fomu.

Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari huku ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kusoma shahada ya somo lake, tuseme Historia au Hisabati, kwa miaka mitatu, kisha kuongeza shahada ya uzamili ya ualimu, ambayo kwa kawaida ni miaka miwili. Ya pili ndiyo niliyopita mimi: shahada mbili zinazosomwa kwa mpigo, moja ya somo na nyingine ya elimu, kwa miaka minne au zaidi kidogo kutegemea chuo. Asubuhi unasikiliza mhadhara wa historia ya Japani, mchana uko kwenye semina ya jinsi mtoto wa miaka 13 anavyojifunza kusoma maandishi marefu. Unahitimu na vyeti viwili.

Kwenu hili si geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, Mkwawa kule Iringa, DUCE pale Chang'ombe, vyote vinafundisha walimu kwa mtindo huo: masomo mawili ya kufundishia pamoja na kozi za elimu. Kenya ni vivyo hivyo, Kenyatta na Moi. Anayedhani kuna siri ya ualimu iliyofichwa ng'ambo, namwambia mapema kwamba muundo ni ule ule. Tofauti ipo mahali pamoja, na nitaifikia.

Kwanza hayo masomo mawili. Hapa New South Wales, somo la kwanza la kufundishia linadai kozi sita za chuo kikuu, la pili nne, na katika kila somo kozi za mwaka wa kwanza zisizidi mbili. Tanzania mnaingia na ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita, na Kenya Tume ya Huduma ya Walimu inataka C+ ya jumla na C+ katika kila somo utakalofundisha. Kote naona vijana wakilichagua somo la kwanza kwa mapenzi na la pili kwa kuzibia nafasi, kwa sababu lilikuwamo kwenye tahasusi au kwa sababu rafiki kalichukua. Wadogo zangu, lichagueni la pili kwa uzito ule ule. Mkuu wa shule haajiri kwa kuangalia unachokipenda, anaangalia nani kaondoka. Mimi napenda Historia kuliko chochote, lakini nafasi niliyoipata ilikuwa ya Kiingereza, na mpaka leo Kiingereza ndicho kinachojaza ratiba yangu. Ningekuwa nimekisoma juujuu, wanafunzi wangu ndio wangelipa.

Sasa fedha, maana hapo ndipo wazazi wanapopotoshwa zaidi. Ada za huku hazipangwi kwa shahada, zinapangwa kwa kila kozi. Mwaka 2021 serikali ilibadilisha viwango ili kuwavuta vijana kwenye fani ilizozitaka. Kwa nafasi zinazochangiwa na serikali, mwaka mzima wa kozi za elimu, Kiingereza, hisabati au lugha ukawa dola 3,950 za Australia, na mwaka mzima wa historia na masomo mengi ya jamii ukawa dola 14,500. Mwaka una kozi nane. Kwa hiyo kozi moja ya Kiingereza iligharimu kama dola 494, na ya Historia, pengine katika jengo lile lile na siku ile ile, zaidi ya dola 1,800. Anayesoma shahada ya pamoja anayabeba yote mawili, na hesabu yake haifanani na ya mwenzake aliyekaa naye dawati moja.

Halafu inategemea umeingiaje nchini. Majirani zangu waliotoka Uvira na Bujumbura, wakakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku, wana viza ya kudumu ya kibinadamu. Hao, sawa na raia, wanakopeshwa ada yote na wanairudisha kupitia kodi, mapato yao yakifika kiwango kilichowekwa. Mimi nilikuja kwa ndoa nikapata ukaazi wa kudumu. Nilipewa nafasi inayochangiwa na serikali, lakini bila mkopo, kwa hiyo kila muhula nililipa taslimu kutokana na zamu za usiku za kuhudumia wazee. Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi kutoka nyumbani hana mchango wala mkopo huo. Analipa ada kamili iliyopangwa na chuo, na hiyo ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, bado hajala wala hajalipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo wazazi wangu, nasema kwa heshima zote: msiuze shamba ili mtoto aje kuchukua digrii ya kwanza ya ualimu Australia. Asome hapo. Akitaka kuja baadaye akiwa mwalimu kamili, kuna taasisi ya taifa inayoitwa AITSL inayokagua vyeti vya walimu wahamiaji, na masharti yake ayajue tangu mwaka wa kwanza. Inataka jumla ya miaka minne ya masomo ya chuo kikuu, ukiwamo angalau mwaka mmoja wa mafunzo ya ualimu, na angalau siku 45 za mazoezi ya kufundisha yenye usimamizi. Kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS inataka 7 katika kusoma na kuandika, na 8 katika kusikiliza na kuzungumza. Digrii ya Kenya ya miaka minne inatimiza hesabu ya miaka. Digrii nyingi za ualimu za Tanzania ni miaka mitatu, kwa sababu mwanafunzi keshasoma kidato cha tano na cha sita, na miaka hiyo miwili haihesabiwi kuwa ya chuo kikuu. Mtanzania atahitaji masomo mengine juu yake, na stashahada ya uzamili au shahada ya uzamili aliyoisoma nyumbani inaweza kuliziba pengo hilo kwa gharama ndogo sana kuliko ada za huku.

Na tunzeni karatasi. Mkimaliza mazoezi, ombeni barua ya shule yenye mhuri inayotaja tarehe, idadi ya siku, vidato na masomo mliyofundisha. Nimewaona watu wazima wenye uzoefu mkubwa wakisota kwa kukosa barua moja tu ya siku zao za mazoezi.

Neno dogo kwa mababu na mabibi wenye wajukuu huku. Mtoto akimaliza shule hupewa namba inayoitwa ATAR, kutoka 0 hadi 99.95. Si asilimia ya maksi. Ni nafasi yake kati ya wenzake wa rika moja katika jimbo, kwa hiyo aliyepata 78 amewapita zaidi ya robo tatu yao. Msimwambie kashindwa. Kwa namba hiyo, na masharti mengine ya chuo, anaomba kupitia kituo kimoja cha jimbo. Na popote atakaposomea ualimu atakutana na mtihani wa taifa wa kusoma, kuandika na hesabu, ambao lazima aufaulu kabla ya kuhitimu. Sehemu moja ya hesabu hufanywa bila kikokotoo, kwa hiyo jedwali la kuzidisha alilolikariri akiwa mdogo litamfaa.

Nafika kwenye tofauti niliyoitaja. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya ualimu huku lazima afanye siku zisizopungua 80 za mazoezi shuleni, na siku zote hizo kuna mwalimu aliyetajwa kwa jina kuwa msimamizi wake. Mwalimu huyo hakuachii darasa akaenda zake, yumo humo humo ndani.

Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye miaka mingi kazini. Kipindi kilikuwa cha Historia, watoto wa miaka 13 na 14, mada Japani ya enzi za masamurai. Alikaa nyuma na karatasi moja nyeupe, akachora madawati yote kama yalivyopangwa. Kila nilipomuuliza mtoto swali, alitia nukta kwenye dawati lake. Mtoto akijibu, mshale. Pembeni akaandika dakika. Kengele ilipolia tukaingia chumba cha vitabu, na kabla ya kunionyesha karatasi akaniuliza nilitaka watoto watoke na nini. Nikamweleza. Ndipo akaigeuza kwangu. Upande wa dirisha ulikuwa mweusi kwa nukta. Kona ya mlangoni kulikuwa na madawati mawili meupe kabisa. Hakusema nimekosea wala nimepatia. Alisema, kesho anzia hapa, akaweka kidole kwenye kona ile. Kesho yake akachora tena.

Kipindi hicho hicho msichana mmoja aliniuliza kwa nini wakulima wa Japani walinyang'anywa panga zao. Nilimjibu kwa kifupi, lakini wiki ile ile nilikuwa na semina ya historia chuoni, nikalibeba swali lake kwa mhadhiri. Tukalijadili agizo la Toyotomi Hideyoshi la mwaka 1588: wananchi waliambiwa chuma cha panga zao kitatengeneza misumari ya hekalu la sanamu kubwa ya Buddha, huku shabaha yenyewe ikiwa kuzuia maasi na kumtenga mkulima na askari. Nikarudi darasani na maneno ya agizo hilo, watoto wakayachambua wenyewe, wakaona jinsi mtawala anavyoweza kusema sababu moja na kukusudia nyingine. Hapo ndipo nilipouona uzuri wa kusoma shahada zote mbili pamoja. Swali lilitoka darasani, likaenda chuoni, likarudi darasani kabla halijapoa. Ningekuwa nimemaliza Historia miaka miwili nyuma, ningelijibu kutoka kichwani na kuishia hapo.

Siku hizo 80 zina machungu yake. Hazikuwa na malipo, na zamu za kazi hukatika kwa wiki nzima nzima, kwa hiyo wapo walioacha masomo kwa sababu ya kodi ya nyumba tu. Serikali ilianza kuwalipa wanafunzi wa ualimu, uuguzi, ukunga na ustawi wa jamii wakati wa mazoezi kuanzia Julai 2025, kwa wale ambao kipato chao ni kidogo. Mimi nilikuwa nimeshahitimu. Kwenu Bodi ya Mikopo ilikuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo miaka mingi kabla ya Australia kulifikiria, ingawa ni deni la kulipwa, na mnastahili kulijua hilo mnapodhani kila jema huanzia ughaibuni.

Lakini nikizungumza na wadogo zangu walio vyuoni nyumbani, nasikia jambo linaloniumiza. Anafika shuleni kwa mazoezi Jumatatu, mwalimu wa taaluma anampokea kwa furaha, Jumanne anakabidhiwa mikondo minne na vipindi zaidi ya ishirini kwa wiki, na mwalimu mwenye somo anahamia kidato kingine kisichokuwa na mtu. Siku moja mhadhiri anatokea kutoka chuoni, anatazama kipindi kimoja, anakagua azimio la kazi na andalio la somo, anaweka maksi, anapanda gari. Mwanafunzi huyo kafanya kazi ya kweli na watoto wamefundishwa, namshukuru. Ila hakuna aliyemchorea madawati.

Wakuu wa shule, najua upungufu wa walimu mlionao. Nimesoma katika shule hizo hizo, na najua mgeni mwenye chaki ni nafuu kubwa. Siombi vifaa, siombi fedha. Naomba mwanachuo akija, apewe mwalimu mmoja wa somo lake ajulikane kuwa ni wa kwake. Wiki mbili za mwanzo asipewe zaidi ya mikondo miwili. Na vipindi viwili kila wiki mwalimu huyo akae nyuma na karatasi, kisha wazungumze kwa dakika ishirini, mlango umefungwa, mwanafunzi akianza kusema yeye kwanza. Nimewaambia walimu watatu wa Korogwe wajaribu hilo muhula ujao, na wamekubali.

Nanyi mnaojaza fomu, siku hizi mnaomba moja kwa moja kwenye vyuo, kwa hiyo mnaweza kuuliza. Pigeni simu idara ya elimu ya kila chuo mnachokifikiria. Ulizeni mazoezi ni siku ngapi kwa kozi nzima, na nani anakaa darasani na mwanachuo siku ambazo mhadhiri hayupo. Chuo kitakachojibu swali la pili bila kusitasita kiandikeni juu kwenye orodha yenu, hata kama jina lake si kubwa.

Mwenye HKL au HGL anayetaka nimsomee andalio lake la kwanza la somo, anitumie. Ijumaa jioni kwa saa za kwenu ni Jumamosi kwangu, na Jumamosi sina zamu.

Wasalaam,
Dada yenu mwalimu,
Blacktown, New South Wales