Baba Alisema: Heshima si Utumwa



Wapendwa waamini, wiki hii napenda tutafakari pamoja juu ya maneno ambayo akina baba huwaambia watoto wao wanapowafundisha heshima. Mtu mzima aweza kusahau mengi aliyofundishwa darasani, lakini ni nadra asahau sentensi fupi aliyoambiwa na baba yake siku ile alipompita mzee njiani bila kumwamkia. Hata msibani, watoto wanapopewa nafasi ya kusema neno juu ya marehemu baba yao, husikika wakisema: “Baba alikuwa anatuambia...” Na kinachofuata, mara nyingi, ni neno juu ya heshima. Mashamba yatagawanywa na nyumba huenda ikauzwa, lakini neno lile kila mtoto huondoka nalo zima.

Maneno hayo yanafanana sana kutoka nyumba moja hadi nyingine. Tuyatazame machache.

Neno la kwanza ni hili: “Heshima si utumwa.” Baba hulisema mtoto anapoona haya kusalimia, au anapodhani kwamba kuinuka na kumpisha mzee kiti kunampunguzia kitu. Salamu yetu ya shikamoo, kwa asili yake, ni kusema “nashika miguu yako.” Ni maneno ya unyenyekevu mkubwa, lakini hakuna mtoto aliyewahi kupungua kimo kwa kuyatamka. Tena tukumbuke kwamba shikamoo haikamiliki mpaka ipate marahaba yake. Mkubwa anayeamkiwa akapita kimya, macho kwenye simu, amemwacha mtoto na salamu mkononi. Heshima huenda na hurudi, na mtoto hujifunza yote mawili.

Neno la pili: “Mkubwa ni mkubwa, hata kama hana viatu.” Baba mwenye kusema hivi anamfundisha mwanawe kumwamkia mlinzi wa getini, mzoa taka na mama muuza mchicha kwa sauti ile ile anayomwamkia nayo mkurugenzi. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea Wakristo waliompa tajiri mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri pa kukaa, na maskini wakamwambia asimame pembeni. Kosa hilo halikuishia katika karne ya kwanza. Kipimo chake majumbani mwetu ni dada wa kazi. Mtoto wa miaka sita anapomtuma kwa amri dada mwenye umri wa miaka ishirini, bila “naomba” wala “asante,” na baba akanyamaza, ukimya wa baba umekuwa fundisho. Mtoto ameelewa kwamba heshima ni ya wenye fedha.

Neno la tatu: “Usimjibu mama yako hivyo.” Hili ni neno jema, na lina nguvu zaidi likitoka kinywani mwa baba. Lakini uzito wake wote unategemea namna baba mwenyewe anavyosema na mama huyo. Mtoto aliyemsikia baba akimtukana mama usiku hawezi kuamini onyo la baba asubuhi. Atanyamaza kwa kuogopa mkono wa baba, na siku atakapokuwa na nyumba yake atafanya alichokiona. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi ni yale ayaonayo kila siku.

Maneno haya yote ni hazina, nami nawasihi akina baba msiache kuyasema. Lakini lipo neno jingine ambalo tumelirithi pamoja na hayo, nalo linahitaji kuangaliwa kwa makini. Neno lenyewe ni hili: “Mkubwa akisema, mtoto hunyamaza.”

Naelewa shabaha yake. Mtoto asiwe mbishi, asidakie mazungumzo ya wazee, asijione anajua kila kitu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tumeona wengi waliovunjika. Lakini mtoto hulichukua neno hilo jinsi lilivyo, bila kulichuja. Akiambiwa kwamba mkubwa hapingwi, ataamini kwamba mkubwa hapingwi hata anapomtendea uovu. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Hawa ni watoto wa nchi yenye shikamoo, watoto waliofundishwa adabu. Mtu mwovu anaifahamu vizuri adabu hiyo na huitumia. Humwambia mtoto, “Mimi ni mkubwa wako, usimwambie mtu,” na mtoto mwenye heshima hutii.

Ndugu zangu, heshima ya namna hiyo Kanisa halijaifundisha kamwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza Amri ya Nne katika namba 2217, inawataka watoto wawatii wazazi na walezi wao. Lakini papo hapo inasema kwamba mtoto akisadiki katika dhamiri yake kuwa ni vibaya kutii agizo fulani, asilitii. Na namba 2222 inawakumbusha wazazi kwamba watoto wao ni wana wa Mungu, nao wanapaswa kuheshimiwa kama watu. Mtume Paulo naye, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, akiisha kuwaagiza watoto utii, anawageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao. Amri ya Nne imewekwa mabegani mwa pande zote mbili.

Tumtazame pia Bwana wetu mwenyewe. Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatuonyesha mtoto wa miaka kumi na miwili ameketi hekaluni kati ya walimu. Alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiwasikiliza na kuwauliza maswali, na hakuna mwalimu aliyemfukuza kwa utovu wa adabu. Walistaajabia akili zake. Kisha mtoto huyo huyo akashuka Nazareti pamoja na wazazi wake, akawa chini ya mamlaka yao. Kuuliza na kutii vilikaa pamoja katika moyo mmoja.

Na baba mlishi wake je? Injili zote nne hazikutuwekea hata neno moja lililotamkwa na Mtakatifu Yosefu. Tunayojua ni matendo yake, na moja kati ya hayo ni kwamba aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Aliyekuwa anamtafuta mtoto alikuwa mfalme, mkubwa kuliko wakubwa wote wa nchi ile. Yosefu hakusema, “Mkubwa hapingwi.” Alimweka mtoto mbali na mkono wa Herode. Hapo ndipo ulipo ubaba: mtoto aliyefundishwa kuheshimu wakubwa anastahili kuwa na mkubwa mmoja atakayesimama kati yake na mtu mbaya.

Kwa hiyo nashauri kwamba kila baba aongeze neno moja katika yale aliyoyapokea kwa baba yake. Aliseme kwa utulivu, siku ambayo hakuna aliyekosa: “Mwanangu, waheshimu wakubwa wote. Lakini mkubwa yeyote akikutendea jambo la aibu na kukuambia ulifiche, njoo uniambie, hata kama ni mjomba wako, mwalimu wako, katekista au Padre. Sitakukasirikia, na nitakuamini.” Nayaandika haya nikiwa Padre, nami nimemtaja Padre kwa makusudi. Papa Fransisko, kwa barua yake ya mwaka 2019 iitwayo “Vos estis lux mundi,” aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa wanapojua au kushuku kwamba ukatili wa namna hii umetendwa ndani ya Kanisa. Kama Kanisa limewadai hivyo watumishi wake, sisi hatuna sababu ya kumfunga mtoto mdomo kwa jina la adabu.

Wapo watakaosema kwamba maneno hayo yatawafanya watoto kuwa na kiburi. Mimi naona kinyume chake. Mtoto anayejua kwamba baba yake atamsikiliza huwaamkia watu kwa moyo mweupe, maana hana anachokiogopa. Aliyefundishwa kwa woga peke yake huheshimu mpaka fimbo inapoondoka. Siku akipata nguvu kuliko baba, heshima ile huisha. Basi tusishangae tukiona wazee waliotelekezwa na watoto wao wenyewe.

Marehemu Papa Fransisko, katika katekesi yake ya Mei 13, 2015, aliziusia familia maneno matatu madogo: naomba, asante na samahani. La tatu ndilo gumu zaidi kwa akina baba. Hata hivyo Katekisimu, namba 2223, inafundisha kwamba mzazi anayeyakubali makosa yake mbele ya watoto wake ndiye atakayeweza kuwaongoza na kuwarekebisha vyema. Baba akisema, “Samahani mwanangu, leo nilikuonea,” hajashusha cheo chake. Huenda hilo ndilo neno litakalosimuliwa siku ya mazishi yake.

Wiki hii, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, nawaomba akina baba mwulizane: Ni neno gani la heshima nililolipokea kwa baba yangu? Nimewapa watoto wangu neno gani? Na je, mwanangu akipatwa na jambo baya leo, anajua kwamba aweza kuja kwangu? Swali hilo la tatu lisijibiwe jumuiyani. Kamwulize mtoto mwenyewe, nyumbani, baada ya sala ya jioni.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Mkombozi, awaombee akina baba wote wa parokia yetu. Nawatakia Dominika njema na yenye baraka tele.

Ni mimi Paroko wenu.