Tusiache Kanda Zetu Zioze Kabatini

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, mna sanduku juu ya kabati la chumbani. Ndani yake zimo kanda za video: harusi ya dada mkubwa, maulidi ya mtaani, khitima ya babu, siku mjomba alipoagwa kwenda Hijja. Kanda hizo hazijatazamwa kwa miaka mingi, kwa kuwa deki iliyokuwa ikizichezesha iliharibika zamani na fundi wa kuitengeneza ni adimu. Kila mtu nyumbani ajua kwamba zipo. Hakuna ajuaye kama bado zafaa.

Leo twapenda kusema wazi: kanda hizo zitolewe sandukuni mwaka huu huu, zigeuzwe mafaili ya kompyuta, na ziwekwe katika diski moja ya nyumba ambayo televisheni ya sebuleni yaweza kuisoma bila ya intaneti na bila ya kupitia mikononi mwa mtu baki. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya anasa na mchezo wa vijana. Sisi twasema ni kazi ya kuhifadhi mali.

Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 akaimba kwenye santuri, na sauti yake ingali yasikika kwa sababu wapo watu waliozitunza sahani zile. Lakini bibi zetu walioimba vugo na shangazi zetu waliocheza lelemama hawakurekodiwa na kampuni yoyote. Sauti zao zimo katika kanda moja tu, nayo imo sandukuni. Ikifa hiyo, basi.

KUVU NA CHUMVI

Kanda za aina ya VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha kazi hiyo. Kwa hiyo deki zilizobaki ni zile zile kuukuu, na kila mwaka zapungua. Kanda nayo ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku kwa gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu, na hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi. Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa utepe, jua kwamba hiyo ni kuvu. Kanda yenye kuvu isitiwe ndani ya deki hata kidogo, kwani itachafua vichwa vya kusomea na kuziharibu kanda zitakazofuata. Ipelekwe kwanza kwa fundi aisafishe.

Kazi ya kuhamisha si ngumu, bali yataka subira. Deki nzima huunganishwa na kompyuta kwa kifaa kidogo cha waya, kanda ikachezeshwa, na kompyuta ikanakili kadiri picha zinavyokwenda. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu. Ndiyo maana twashauri ianzwe sasa, kanda moja kila jioni baada ya isha, badala ya kungoja siku ya nafasi ambayo haiji.

UA NA MLANGO WA BARABARANI

Baada ya kuhamisha, wengi hukosea. Hutia mafaili kwenye flashi, nayo ikapotea mfukoni. Au huyaacha katika simu, nayo ikaibwa sokoni. Kinachotakiwa ni diski yenye mahali pake maalumu nyumbani, iliyounganishwa na ruta inayogawa mtandao. Baadhi ya ruta zina tundu la kuchomeka diski moja kwa moja. Mwenye kompyuta kuukuu aweza kuigeuza ghala. Mwenye uwezo atanunua mashine iliyoundwa kwa kazi hiyo, yenye nafasi ya diski mbili. Programu za kupanga mafaili na kuyapeleka kwenye televisheni, kama vile Jellyfin, hupatikana bure.

Hapa yafaa tufafanue jambo linalowatatiza wengi. Mtandao wa nyumbani si intaneti. Ruta ni kama ua wa nyumba ya Kiswahili: watu wa vyumbani waweza kuonana na kupeana vitu uani, hali mlango wa barabarani umefungwa. Televisheni ikiomba picha kwa diski, picha hizo hupita uani tu. Hazilipiwi bando. Intaneti ikikatika, harusi yaendelea kutazamwa kama kawaida.

Tupige hesabu kidogo. Picha safi ya video huhitaji kiasi cha megabiti 5 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 2.25 kwa saa moja. Basi harusi ya saa tatu ni karibu gigabaiti 7. Ukiitazama kutoka intaneti, utalipia gigabaiti 7 kila mara unapoitazama. Ukiitazama kutoka diski yako, hulipi hata senti ya bando. Diski ya terabaiti moja huchukua saa 440 hivi za picha za namna hiyo. Nyumba yenye kanda 50 za saa tatu tatu ina saa 150 tu, na hivyo diski hiyo moja yaitosha na kubakisha nafasi ya harusi za wajukuu.

Yako mawili ya kuangaliwa. La kwanza, mafaili yahifadhiwe kwa namna ambayo televisheni nyingi zaielewa, hasa MP4 yenye picha za H.264, la sivyo mashine italazimika kuyageuza papo hapo, na mashine ndogo hushindwa, picha zikawa zakwama kwama. La pili ni kuta zetu. Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale na za Lamu zina kuta nene ambazo mawimbi ya ruta huzipenya kwa taabu. Mwenye nyumba ya namna hiyo atandaze waya kutoka ruta hadi televisheni, na matatizo yatakwisha.

MPAKA KANYANGI

Faida ya jambo hili haiishi mjini. Chukua mfano wa kijana wa Kisauni aliyepata kazi ya ualimu Kanyangi, huko Kitui, upande unaoelekea mto Athi na Makueni. Mbali? Ndiyo, lakini si ugenini. Misafara ya pembe ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa katika karne ya 19, na Mkamba mashuhuri wa Kitui, Kivui wa Mwenda, alikuwa na sifa hata huku pwani kabla ya kuuawa mwaka 1851. Maji ya Athi yenyewe, yakiisha kuitwa Galana, hufika Malindi kwa jina la Sabaki na kumwagika baharini. Tumekuwa tukifikiana siku zote.

Mwalimu huyu amehamia na mkewe na watoto wadogo. Watoto wanakua wakisikia Kikamba sokoni na Kiingereza shuleni, na bibi yao wa Kisauni wamwona kwa nadra. Mtandao wa simu ukiwa hafifu, au bando likiisha katikati ya mwezi, hata sauti yake hawaipati. Je, watoto hao watajua vipi jinsi bibi yao alivyokuwa akiongoza nyimbo za harusi? Watajua vipi Kiswahili cha nyumbani kwao kinavyosemwa na wazee wanapocheka?

Lakini akiondoka pwani na diski moja ndogo mkobani, akaiunganisha na ruta yake kule, jioni watoto wataketi mbele ya televisheni wamwone bibi kana kwamba yu chumba cha pili. Hakuna bando litakalotumika. Umeme nao si kikwazo kikubwa: mashine inayotumia wati 20 hula chini ya nusu ya yuniti moja kwa siku nzima, na aweza kuizima baada ya kutazama. Mwenye sola ya kutosha kuendesha televisheni hatashindwa kuongeza kiasi hicho. Aikinge tu na vumbi la kiangazi, na awe na betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, mafaili huweza kuharibika.

SITARA YA WATU WETU

Watatokea watakaouliza: kwa nini tabu yote hii, ilhali video yaweza kutiwa intaneti bure na kila mtu akaiona?

Hilo ndilo hasa tuliogopalo. Harusi zetu zina upande wa wanawake. Siku ya kupamba, akina mama na mabinti hufungua vichwa, wakavaa na kucheza kwa furaha yao, wakijua kwamba waliomo ukumbini ni wanawake watupu. Ndiyo maana mpiga picha huwa mwanamke, na katika baadhi ya harusi simu huzuiwa mlangoni. Picha zile zilipigwa kwa amana. Kuzitia mahali ambapo kila mpita njia aweza kuzitazama, kuzinakili na kuzisambaza, ni kuivunja amana hiyo. Na video ikishatoka haina marejeo. Mwenye kuonekana humo huenda leo ni mama wa watu, au amekwisha kutangulia mbele ya haki na hawezi tena kujitetea.

Diski ya nyumbani yatupa njia ya katikati. Kumbukumbu hazipotei, wala hazianikwi. Katika ghala hilo yaweza kutengwa faili la maulidi na mawaidha lililo wazi kwa wote, na faili la akina mama lenye neno la siri ambalo wao wenyewe walishika. Tena twaonelea kwamba ufunguo huo ukae kwa mama mwenye nyumba, si kwa kijana fundi aliyeunganisha waya.

Hata hivyo mtu asijidanganye kwamba kuwa na mashine ni kuwa salama. Mwaka 2022 wahalifu walizivamia maelfu ya mashine za namna hii duniani zilizoachwa wazi kwa upande wa intaneti, wakayafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili wayafungue. Kwa hiyo neno la siri lililokuja na mashine libadilishwe siku ya kwanza, programu zake zisasishwe, na mlango wa kuingilia kutoka nje ufungwe. Mwizi akiingia uani, ua haukusitiri tena.

Jambo la mwisho ni nakala. Diski ni chombo, na kila chombo huharibika. Wengine hununua mashine ya diski mbili zinazofanana wakadhani wamemaliza. Diski moja ikifa, kweli, ya pili itabaki. Lakini moto ukizuka, au mwizi akabeba mashine nzima, au mtoto akafuta faili, zote mbili zitakwenda pamoja. Yapasa pawe na nakala nyingine katika nyumba nyingine. Na hapa ndipo Kanyangi na Kisauni zasaidiana: nakala moja ikae pwani kwa bibi, ya pili ikae bara kwa mwana, mbali na unyevu wa bahari. Kila Idi watakapokutana, wazilinganishe na kuongeza mapya.

Hatusemi kwamba ghala hili lijazwe sinema zilizonakiliwa kwa wizi. Wanamuziki wetu wa taarabu wanajua hasara waliyoipata kwa kanda za bandia, na dhuluma haigeuki halali kwa kuingia ndani ya kompyuta. Wala hatusemi kwamba watoto waachwe mbele ya televisheni kutwa. Twasema kwamba, madhali televisheni imekwisha kuingia sebuleni, basi na iwe na la kwetu la kuonyesha.

Kwa hiyo twatoa mwito kwa vijana wenye ujuzi wa kompyuta: kabla ya kuwasaidia wateja, wasaidieni mama zenu. Nanyi wazee, toeni masanduku. Keti na mjukuu kanda inapohamishwa, umtajie nani ni nani, naye aandike majina na mwaka. Maana picha isiyo na jina, baada ya nyinyi kuondoka, itakuwa picha ya watu wasiojulikana katika nyumba yao wenyewe.