Likizo si ya kuuza

Mwaka ukikaribia kwisha, katika ofisi nyingi za Dar es Salaam huanza hesabu moja: nani amebakiwa na siku ngapi za likizo, na atazifanyia nini. Wengi hawaendi popote. Wanaziuza. Mfanyakazi anasaini kwamba ameridhia kuendelea na kazi, mwajiri anamlipa mshahara wa mwezi mmoja juu ya ule wa kawaida, na fedha hiyo inakwenda kwenye ada ya Januari au mabati ya nyumba isiyokwisha kujengwa. Mwaka mpya unamkuta kwenye meza ileile, na uchovu uleule.

Hatumlaumu anayeuza. Mwenye watoto watatu shuleni akiwekewa mshahara wa ziada mezani, ataukataaje? Tunachosema ni kwamba biashara hii isingepaswa kuwepo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kila mwaka. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, wanatoa siku zisizopungua 21 za kazi. Lakini sheria yetu, baada ya kurekebishwa, imeacha upenyo: mfanyakazi akiridhia, anaweza kufanya kazi katika siku zake za likizo na kulipwa, mradi asipitishe miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka kinyume chake: makubaliano ya kuacha likizo ya chini kabisa ili mtu alipwe fidia yawe batili au yapigwe marufuku. Waliouandika walijua kwamba ridhaa ya mtu mwenye madeni, akiwa mbele ya bosi wake, ni ridhaa nyepesi mno.

Na mwili haudanganyiki kwa fedha. Huko Helsinki, Finland, watafiti waliwaandikisha wafanyabiashara wanaume 1,222 mwaka 1974 na 1975, wote wakiwa na mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Nusu yao walipewa ushauri wa karibu kuhusu chakula, mazoezi na sigara, na dawa kwa waliozihitaji. Miaka 30 baadaye, ndani ya kundi hilo lililoshauriwa, waliokuwa wakichukua likizo ya wiki tatu au pungufu kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa kufa ulio juu kwa asilimia 37 kuliko waliochukua zaidi ya hapo. Wenye likizo fupi pia walifanya kazi saa nyingi na kulala kidogo, kwa hiyo si haki kuipa likizo sifa yote. Lakini hilo halimpi faraja yeyote anayeishi hivyohivyo Kariakoo au Nakuru.

Kuhusu furaha yenyewe, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulileta jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Watu waliokuwa wakisubiri kusafiri walikuwa na furaha zaidi ya wasiokwenda popote. Waliporudi, wengi wao walikuwa sawa tu na wenzao waliobaki. Faida ilionekana kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa, na kwao pia iliyeyuka baada ya wiki chache. Mtafiti Jessica de Bloom na wenzake nao waliona hali ya mtu ikipanda haraka likizoni, ikifika kileleni kama siku ya nane, kisha ikishuka ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini.

Wapo wanaosoma haya na kusema basi likizo haina maana. Tunakataa. Hakuna anayeacha kulala kwa sababu usingizi wa jana umekwisha. Kama faida ya mapumziko ni ya muda, dawa ni kupumzika mara kwa mara: mfanyakazi na mwajiri wakubaliane kuzigawa siku 28 katika vipande viwili vya kutosha, badala ya kuzilimbikiza hadi ziuzwe au zipotee.

Neno la utulivu nalo linatuhusu sana. Likizo ya Mtanzania wa kawaida haina hoteli wala ufukwe. Ni basi la alfajiri kutoka Mbezi kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya. Huko anasubiriwa na kikao cha ukoo, mchango wa msiba uliopita, ugomvi wa mpaka wa shamba na wapwa wanaodai sare. Akirudi amechoka kuliko alivyoondoka, na mfukoni hana kitu. Hatusemi watu waache kwenda kwao. Wazazi wanazeeka, na kuwaona ni furaha ambayo hakuna utafiti wa Ulaya utakaotufundisha. Tunashauri tu zibaki siku nne au tano, baada ya safari, ambazo hakuna mtu aliyezipangia kazi.

Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi. Mama anachukua likizo Desemba, mwezi uleule ambao dada wa kazi anakwenda kwao na shule zimefungwa. Kwa hiyo anatoka ofisini na kuingia jikoni, na hiyo ndiyo inayoitwa likizo yake. Waume wasome aya hii mara mbili.

Kisha kuna simu. Mtu yuko kwao Njombe, lakini kundi la WhatsApp la ofisi linamwuliza nywila ya kompyuta, faili la mteja, ripoti ya mwezi. Huyo hajaenda likizo, amehamisha ofisi. Mwajiri makini huhakikisha kazi imekabidhiwa kwa anayekaimu, na huona faida yake: mabenki mengi duniani huwalazimisha watumishi wanaoshika fedha kwenda likizo, kwa kuwa mtu asiyeondoka kamwe kwenye vitabu vyake huenda ana jambo anaficha humo.

Serikali nayo ni mwajiri. Utaratibu wake unampa mtumishi wa umma nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, lakini madai ya walimu ya fedha hizo yamekuwa yakitajwa mwaka baada ya mwaka. Mwalimu wa Ngara aliyetokea Mtwara hawezi kuvuka nchi nzima na familia yake kwa mshahara mtupu. Fedha hiyo ilipwe kabla ya kuondoka, na madeni ya nyuma yalipwe kwa tarehe inayojulikana.

Bunge lizibe upenyo wa kuuza likizo, na likizo ilipwe vizuri ili asiwepo wa kushawishika. Waajiri watoe ratiba ya likizo Januari na kuifuata. Na sisi tulioajiri wadada majumbani tukumbuke kwamba na wao ni wafanyakazi kwa sheria ileile ya mwaka 2004: wana haki ya siku zao 28, na mshahara wa mwezi huo wapewe mkononi kabla hawajapanda basi.