Kabla ya Kombora, Jicho

Sababu ya kuzipa helikopta za manowari makombora ya masafa marefu inaeleweka. Kombora la Hellfire, ambalo helikopta za majini za Marekani zimelibeba kwa miaka mingi, hufika kilomita nane hivi, na meli yenye silaha za kutungulia ndege inaweza kumpiga rubani kabla hajafika hapo. Ndiyo maana kampuni ya Kongsberg ya Norway inanadi NSM ya kufungwa kwenye helikopta, kombora ambalo likirushwa kutoka melini huvuka kilomita 180. Kwa kulinganisha, Ziwa Tanganyika, pale lilipo pana kuliko kote, ni kilomita 70 na ushei. Lakini masafa yote hayo hayafai kitu ikiwa anayefyatua hajui kwa hakika kilichoko upande wa pili, na ujuzi huo hauuzwi pamoja na kombora.

Ziwa letu lina ushahidi wake. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za Short zinazotua majini, walizopewa na Waingereza, wakaishambulia Kigoma kwa mabomu wakiilenga Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyotawala ziwa. Katika miezi hiyohiyo mzinga wake mkubwa, uliotoka kwenye manowari Königsberg, uling'olewa ukapelekwa vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa bandia. Kwa mbali meli ilikuwa ileile. Mabomu hayakuizamisha; Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai, na leo tunaijua kwa jina la Liemba. Kosa hilo la kulenga meli iliyokwisha kung'olewa mzinga halikugharimu sana. La Mei 17, 1987 liligharimu: ndege ya Iraq ilifyatua makombora mawili ya Exocet katika Ghuba, yakaipiga USS Stark ya Marekani, nchi ambayo haikuwa vitani na Iraq, na mabaharia 37 wakafa. Baghdad iliomba radhi, ikisema ni bahati mbaya. Makombora yenyewe hayakuwa na kasoro yoyote ya kufika.

Mtetezi wa silaha hizi atataja mwaka 1991, helikopta za Lynx za Uingereza zilipotumia Sea Skua, lenye masafa ya kilomita 20 hivi, kuziharibu boti za Iraq bila kuisogelea mizinga yake. Ni kweli, na hakuna haki kumtaka rubani ajitoe mhanga kwa ajili ya hoja ya mwandishi wa gazeti. Ila tazama kazi ilivyogawanywa: helikopta za Marekani zenye vifaa bora zaidi zilisaidia kuzitafuta na kuzitambua boti hizo, ndipo Lynx zikafyatua.

Sasa ilete hesabu hiyo hapa. Usiku, ukitazama kutoka Mutanga Sud, mtaa wa Bujumbura, ziwa lina taa za wavuvi wa ndagala. Kwenye rada hizo ni nukta, na boti ya magendo ya silaha nayo ni nukta. Vita vilipofika Uvira, mji wa Kongo ulio jirani, Desemba 2025, maelfu walikimbilia Burundi; boti ya wakimbizi nayo ingekuwa nukta. Katika hali kama hiyo, ni nani angethubutu kufyatua kwa kutegemea nukta? Kweli Burundi haina bahari, wala sijasikia ikiagiza NSM. Lakini tamaa ya silaha za mbali huanza na majirani wenye manowari, kisha huambukiza. Franki za kwanza ziende kwenye rada za ufukweni, usajili wa boti na mitumbwi, na simu inayopokelewa usiku kati ya Bujumbura, Kigoma na Kalemie. Helikopta ikipatikana, ibebe kamera na kamba ya kuokolea wanaozama.