Gesi ya mkebe: Rafiki wa anga, lakini chunga moto

Jua linapotua mtaani Kanduyi, mjini Bungoma, mbu huanza kazi yao na wazazi wengi hunyakua mkebe wa dawa ya kupuliza. Bonyeza kidogo tu, chumba chote kimejaa dawa. Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kitu gani kinachoisukuma dawa hiyo itoke kwa nguvu namna ile?

Jibu ni gesi. Katika mikebe mingi ya siku hizi, gesi hiyo ni butani na propani, zile zile zilizomo katika mtungi wa kupikia.

Zamani mikebe hiyo ilitumia gesi za jamii ya CFC, ambazo haziwaki moto. Lakini mwaka wa 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba zikifika juu angani huharibu tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi mwaka wa 1987, Kenya ikauidhinisha mwaka uliofuata, na gesi hizo zikaachwa hatua kwa hatua.

Butani na propani zina faida zake. Kwanza, haziharibu ozoni. Huvunjikavunjika hewani kwa muda wa siku chache tu, ilhali baadhi ya CFC hudumu miaka 100 hivi. Pili, bei yake ni nafuu.

Tatu, ndani ya mkebe hukaa zikiwa majimaji. Kila unapopuliza, sehemu yake hugeuka mvuke na kujaza nafasi iliyoachwa, kwa hivyo nguvu haipungui mpaka dawa ikaribie kwisha. Hata asubuhi ya baridi kule Kitale mkebe hupuliza vyema, kwani propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri.

Hata hivyo, hakuna zuri lisilo na kasoro. Gesi hizi huwaka upesi mno. Isitoshe, ile ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili ikivuja ujue, lakini ya mkebeni aghalabu haina harufu hiyo.

Hapo ndipo penye hatari kwa wanaoishi chumba kimoja, jiko hapa, kitanda pale. Kabla ya kupuliza, zima jiko, koroboi na mshumaa. Watoe watoto nje, na baadaye ufungue madirisha kabla ya kuwasha chochote.

Mkebe usiwekwe juani wala karibu na jiko, maana ukipata joto la kupita nyuzi 50 waweza kupasuka. Na ukiisha usitupwe kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, kwani gesi kidogo hubaki ndani, na watoto hupenda kuota moto huo.

Tahadhari kabla ya hatari.