Taa ya nyuma kwanza

MWENDO WA MJINI
Na Rashidi Mkwayu

Katika miaka yangu ya kwenda kazini kwa baiskeli, kutoka Tabata hadi Posta na kurudi, nimeambiwa "sikukuona" mara mbili. Mara ya kwanza aliyelitamka neno hilo ni dereva wa daladala. Mara ya pili ni kijana wa bodaboda aliyenigonga kwenye keria nikikaribia Buguruni, nikaangukia mkono. Alisimama, akaninyanyua, akaniokotea kiatu, akasema: "Mzee wangu nisamehe, wallahi sikukuona." Nilimwamini pale pale, na mpaka leo namwamini. Ilikuwa inakaribia saa 1 jioni, nimevaa shati la kijivu, na nyuma ya baiskeli nilikuwa na kiakisi kimoja chekundu kilichofunikwa na vumbi la kiangazi kizima. Kijana alisema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sionekani.

Siku hizi watu kadhaa ninaofanya nao kazi wameanza kuja na baiskeli, na wakijua kwamba mimi ni mkongwe wa njia hiyo huniuliza wanunue taa gani kati ya hizi ndogo za kuchaji. Karibu wote huanza na swali moja: ipi inawaka sana? Nawajibu kwamba waanze na swali jingine: nani anahitaji mwanga huo?

Taa ya baiskeli ina kazi mbili. Moja ni kukuonyesha njia, nyingine ni kukuonyesha wewe kwa wenzako. Mtu anayepita Barabara ya Uhuru au Morogoro jioni ana taa za barabarani sehemu nyingi, ana mwanga wa maduka na wa magari, shimo analiona. Asiyeona ni dereva aliye nyuma yake. Kwa hiyo mwenye fedha ya taa moja tu, ninamwambia bila kusita: nunua ya nyuma. Ya mbele itafuata mwisho wa mwezi.

Jioni yetu yenyewe haitupi nafasi. Sisi tulio jirani na ikweta, jua letu hushuka wima. Mwaka mzima Dar es Salaam linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, kisha tunabakiwa na kama dakika 20 tu kabla giza halijashika. Dakika hizo ndizo ambazo ofisi zimeshamwaga watu, daladala zinagombea abiria, na mlinzi wa zamu ya usiku yuko njiani na baiskeli yake kuelekea lindoni. Alfajiri hali ni hiyo hiyo kwa wanaowahi samaki Feri na wanaosambaza mikate.

Sasa weka gari katika dakika hizo. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na gari la mwendo huo hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikugundua ukiwa mita 20 mbele yake, kabla mguu haujagusa breki zaidi ya nusu ya nafasi hiyo imekwisha. Akikugundua ukiwa mita 150, ana sekunde zaidi ya 10 za kupunguza mwendo na kukukwepa kwa utulivu. Kitaa chekundu cha ukubwa wa kiberiti kinatosha kukupa mita hizo 150.

Kiakisi hakiwezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Chenyewe hakina mwanga; kinarudisha ule kilichopewa. Gari linalochomoza kutoka uchochoroni linamulika upande mwingine, na bodaboda yenye taa mbovu haimuliki kabisa, basi kiakisi chako hakina cha kurudisha. Kiache, kifute vumbi, lakini usikitegemee. Ukitaka kukiongezea nguvu, funga utepe unaong'aa kwenye vifundo vya miguu. Watafiti wa Queensland, Australia, walibaini kwamba madereva humtambua mpanda baiskeli kwa urahisi zaidi viakisi vinapokuwa vifundoni na magotini, kwa sababu miguu inayopanda na kushuka inasema yenyewe kwamba huyu ni mtu.

Faida ya taa imepimwa. Katika mji wa Odense, Denmark, mwaka 2004 na 2005 waendesha baiskeli 3,845 walishirikishwa katika jaribio: kundi moja lilifungiwa taa zinazowaka muda wote, mchana na usiku, na kundi jingine likaendelea kama kawaida. Ajali za kuumia zilikuwa pungufu kwa asilimia 19 katika kundi la taa. Odense ni mji wenye njia nyingi za baiskeli na madereva waliozizoea baiskeli tangu utotoni. Ikiwa kule taa imeleta tofauti hiyo, sioni kwa nini sisi tuidharau.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Barabarani jioni huambiwa. Dereva ana macho, lakini pia ana kioo chenye vumbi, taa za gari linalokuja usoni mwake, na abiria anayegonga bati akitaka kushuka. Taa yako ndiyo inayomwambia: tazama hapa, kuna mtu.

Unapofika dukani, usibabaishwe na namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Zipige hesabu. Tuseme boksi linadai lumeni 1,000, yaani kipimo cha mwanga, kwa saa 8, na ujazo wa betri ndani ni mAh 500. Betri za lithiamu za namna hii ni za volti 3.7. Zidisha 500 kwa 3.7, ugawe kwa 1,000. Unapata wati-saa 1.85. Taa nzuri ya LED hutoa kiasi cha lumeni 100 kwa kila wati moja, kwa hiyo lumeni 1,000 zinakula wati 10. Betri hiyo ingekauka ndani ya dakika 11. Aliyeandika saa 8 amekudanganya kwenye lumeni au kwenye saa, na pengine kwenye vyote viwili.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kwa nini kidogo kinatosha. Taa ya nyuma ya lumeni 20 ikitumia betri ile ile ingewaka saa 9. Punguza hata theluthi kwa nguvu inayopotea njiani, zinabaki saa 6: siku tatu za kwenda na kurudi kwa mtu anayetumia saa 2 barabarani kila siku. Kwa nyuma, tafuta lumeni 20 hadi 50. Kwa mbele, lumeni 100 hadi 200 zinakutosha mjini penye taa. Anayeishi ndani ndani ya Chanika au Kigamboni, ambako barabara ni giza na mchanga, afike 300 au 400 aone anapokanyaga. Ya mbele uiinamishe kidogo, kitovu cha mwanga kiangukie barabarani mita chache mbele yako. Taa inayompiga mtu usoni inamnyima yeye kuona, na aliyenyimwa kuona anaweza kukuingilia.

Kuhusu kuwaka mfululizo au kuwaka na kuzimika, nchi zenyewe hazijakubaliana. Ujerumani hairuhusu taa ya baiskeli inayowaka na kuzimika. Uingereza inairuhusu, ila inashauri taa ya mbele iwake mfululizo kwenye barabara isiyo na mwanga. Kila upande una sababu. Mwanga unaokatika unavuta jicho haraka, lakini anayekufuata anapata shida kukadiria uko umbali gani. Mimi nimefunga mbili nyuma, ndogo zote: moja inawaka mfululizo, nyingine inakatika. Moja ikiishiwa chaji njiani, nyingine inanifikisha.

Mahali pa kuifunga ndipo wengi wetu tunapokosea. Taa nyingi za nyuma hutengenezwa zifungwe kwenye bomba la kiti. Hapo panamfaa anayebeba mkoba mgongoni. Sisi tunabeba kreti za mikate, madumu ya maji, magunia ya mkaa yanayompita mwendeshaji kimo. Ukipakia mzigo huo, taa ya kwenye kiti imefichwa; umenunua taa ya kumulika gunia. Ifunge mwisho wa keria au kwenye madigadi, na mzigo ukining'inia nje ya keria, ifunge kwenye mzigo wenyewe. Kisha nenda nyuma hatua 20, uchutame kimo cha dereva wa gari dogo, utazame. Usipoiona wewe, hataiona yeye. Tazama na ubavuni: taa ambayo kioo chake kimejitokeza nje inaonekana pia na anayetokea pembeni.

Maji nayo ni adui. Kwenye boksi kuna alama inayoanza na IP. IPX4 maana yake inahimili maji ya kurushiwa kutoka kila upande. IPX7 imepimwa ikiwa imezama mita 1 kwa dakika 30. Kwa masika yetu usishuke chini ya IPX4, na hakikisha kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kinabana sawasawa. Wakazi wa pwani tuna pia chumvi ya hewani inayokula vyuma; kifuniko kikilegea, tundu linaota kutu na taa imekufa ingawa betri ni nzima.

Halafu chaji. Baba yangu alikuwa na baiskeli ya Phoenix yenye dainamo iliyosuguana na tairi. Haikumdai umeme wa mtu, ila akisimama nayo inazimika, na kusimama katikati ya barabara gizani ndiko kwenye hatari zaidi. Taa ya kuchaji imemaliza tatizo hilo na kuleta jingine: kusahau. Kwa hiyo chagua inayotumia waya ule ule wa simu yako, USB-C ikiwezekana, ili zichajiwe pamoja usiku mmoja. Umeme ukikatika, pawabenki ya simu itaisaidia na taa. Usiiache juani siku nzima kwenye usukani, joto linaua betri ya lithiamu. Ivue uingie nayo ndani, na wezi wataikosa. Ukiona imevimba, usiichaji tena.

Najua wapo watakaosema namtwisha mwendesha baiskeli mzigo wa wengine. Mzigo wa wengine upo, na nitautaja. Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu mwaka 2018 kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016, na Barabara ya Morogoro ikapata njia za baiskeli pembeni yake. Leo sehemu nyingi za njia hizo zimekaliwa na bodaboda zilizoegeshwa na bidhaa zilizopangwa chini, na mwenye baiskeli anarudi kubanana na malori. Wenye mamlaka ya jiji wazisafishe njia hizo na wazilinde. Madereva wapunguze mwendo jioni. Haki yetu ya kuwa barabarani haitokani na taa.

Lakini jioni ya leo, kabla hayo hayajatimia, kuna watu watakaorudi nyumbani kwa baiskeli, na ninataka wafike. Ninyi wenye kampuni za ulinzi, mnampa mlinzi sare, kofia na rungu. Mwongezeeni taa ya nyuma, kwa sababu saa yake ya kuja kazini ndiyo saa ya hatari. Nanyi mafundi baiskeli, kijana akileta pancha na hana taa, mwambieni kabla hajaondoka. Maneno ya fundi husikika kuliko ya gazeti.

Nawe msomaji uliye na baiskeli, nenda nyuma yake leo jioni utazame kama unaonekana. Kama una taa tayari, ukifika nyumbani weka simu kwenye chaji, na taa uiweke pembeni yake.