Kijana wa Nyuma ya Kamera Apewe Mafunzo

Vijana wengi wa huku Shume wakisikia neno televisheni huwaza kuonekana. Mimi nasema kijana aanzie nyuma ya kamera, tena aanzie na waya. Waya ukizoea kuuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe, nyuzi za ndani huchoka, na siku ya matangazo mubashara sauti ya mhubiri inakwaruza. Zipo pia ishara za vidole: msimamizi wa ukumbi wa studio huhesabu kwa mkono, maana maiki ziko wazi. Anayeanza hujifunza kunyamaza na kutazama. (Sisi wa falsafa tungefaidika.)

Fundisho ninalolipenda zaidi ni la mwanga. Padre amevaa alba nyeupe, uso wake mweusi. Kamera ikiachwa ijiamulie, mara nyingi hupunguza mwanga kwa sababu ya ile nguo, na uso unabaki kivuli. Mpiga picha aliyefundishwa huurekebisha mwanga kwa kuangalia uso, kwa sababu anayezungumza ni mtu, siyo alba.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulitaka mapadre, watawa na walei waandaliwe bila kuchelewa kwa kazi hizi. Sisi humkabidhi kijana simu asubuhi ya sherehe na kumwambia, “Turushie Misa.” Huko ni kumtumia tu. Tumlipie nauli ya kushuka mjini, na chakula chake, akae studio walau mwezi mmoja. Michango ya kununulia kamera mbona huwa tunaipata?